Maswali ya wasomaji: ngariba asubiri kwanza

Katika toleo hili tunazijibu barua tatu, mbili kutoka mkoa wa Tanga na moja kutoka Bagamoyo, zote zikihusu watoto wa kiume waliozaliwa na maumbile ya uzazi ambayo hayakukamilika. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyahifadhi. Anayejibu ni daktari wa safu hii.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga, na nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ambaye sasa ana wiki tatu. Siku ya pili, mama mkwe alipokuwa akimwogesha, aliona mkojo hautokei kwenye ncha ya uume bali chini yake, karibu na katikati, na unaelekea miguuni. Uume wenyewe umepinda kidogo, na govi limekusanyika upande wa juu tu, chini halipo kabisa. Korodani zote mbili zipo. Muuguzi alizigusa akaridhika, kisha akatuandikia barua ya rufaa. Nyumbani kila mtu ana lake. Bibi wa mume wangu amefurahi, anasema mtoto ametahiriwa na malaika. Mjomba anasema tohara hiyo haikutimia, na amekwisha kuzungumza na ngariba aje siku ya arobaini amalizie. Jirani amenong'ona kuwa huyo ni huntha, yaani si wa kiume wala wa kike. Mama mkwe hanitukani, lakini kila mara ananiuliza nilimeza nini nikiwa mjamzito, kwa sababu anajua kuwa nilitumia vidonge vya uzazi wa mpango kwa wiki kadhaa kabla sijajua kuwa nimeshika mimba. Naomba unieleze mwanangu ana nini, kama kosa ni langu, na suala la tohara tulifanyeje. (Mama Mwana, Makorora)

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa kujifungua salama. Lipo jambo moja lisilosubiri, nalo ni kwamba mtoto huyu asikatwe: si na ngariba, si na tabibu wa zahanati, si siku ya arobaini wala siku nyingine yoyote, mpaka daktari bingwa wa upasuaji wa watoto au wa mfumo wa mkojo amwone na kutoa kauli yake. Mjomba ana nia njema, na ngariba wenu huenda ni hodari wa kazi yake, lakini ngozi wanayotaka kuiondoa ndiyo hiyo hiyo ambayo daktari anaweza kuihitaji ili kumtengenezea mtoto sehemu ya njia ya mkojo iliyokosekana, au kuufunika mshono usivuje. Fundi cherehani aliyepewa kitambaa kisichotosha haanzi kazi kwa kukata pembe na kuzitupa. Ngozi ya govi ni laini, ina damu ya kutosha na haioti nywele, na sifa hizo tatu hazipatikani pamoja katika ngozi nyingine iliyo jirani. Zamani walikuwapo madaktari waliotumia ngozi ya mfuko wa korodani kuunda njia ya mkojo, na mtoto alipobaleghe nywele ziliota ndani ya mrija, zikashika vijiwe na kuleta maambukizi ya mara kwa mara. Mtoto ambaye amekwisha kukatwa govi bado anatibika, ila mara nyingine daktari hulazimika kuazima utando wa ndani ya shavu, na kazi inakuwa kubwa kuliko ilivyopaswa.

Bibi naye asikaripiwe, kwa maana alichokiona ni kweli: kichwa cha uume kiko wazi kama cha mtu aliyetahiriwa. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na govi fupi huku kila kitu kingine kikiwa mahali pake, na hao hawana shida yoyote. Kwa wengi, hata hivyo, govi lililopungua upande wa chini ndiyo alama inayomfanya mkunga auinue uume na kutafuta tundu liko wapi, na laiti kila nyumba inayopewa habari ya mtoto aliyetahiriwa na malaika ingesema alhamdulillahi kisha ikaungoja mkojo utoke, ili ione unatokea wapi. Kuna pia aina inayojificha, ambapo govi ni zima na tundu pana la chini halionekani mpaka ngozi ivutwe nyuma siku ya tohara yenyewe. Anayetahiri akikutana na hali hiyo, iwe ni hospitali au jandoni, asimamishe kazi hapo hapo na kumpeleka mtoto kwa mtaalamu.

Kwa upande wa dini, mimi si shehe na mtamuuliza wenu, lakini nadhani hamtapata upinzani. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, tohara huwa wajibu mtu anapobaleghe, kuifanya siku ya saba ni jambo la kupendekezwa tu, na mtoto asiyeweza kuihimili hucheleweshewa mpaka aweze. Akika na kunyoa nywele havina uhusiano na kisu cha ngariba. Tena mara nyingi upasuaji wenyewe humaliza suala hilo, kwa sababu daktari akishatumia govi kutengeneza kilichopungua, mtoto hutoka akiwa ametahiriwa.

Sasa nieleze hali yenyewe. Madaktari huiita hipospadia, na maana yake ni kwamba tundu la mkojo halikufika kwenye ncha ya uume, likaishia mahali fulani upande wa chini: chini kidogo ya kichwa, katikati ya uume, kwenye mfuko wa korodani, au hata nyuma yake karibu na njia ya haja kubwa. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya watoto wa kiume 200 hadi 300, na wengi wao tundu lao huwa karibu na kichwa. Aina aliyonayo mwanao ni ya wachache zaidi, na zile za kwenye mfuko wa korodani ni chache kuliko hiyo. Pamoja na tundu kuwa chini, mara nyingi uume hupinda kwa sababu ngozi na nyama za upande wa chini hazikurefuka sawa na za juu.

Chanzo chake kiko mapema mno katika ujauzito. Mpaka kufikia wiki ya sita au ya saba, kijusi cha kiume na cha kike hufanana kabisa kwa nje: kuna kinundu kidogo, mikunjo miwili chini yake, na mivimbe miwili pembeni. Mwaka 1947 mwanasayansi wa Ufaransa, Alfred Jost, alionyesha kwa vijusi vya sungura kwamba tezi za uzazi zikiondolewa mapema, kila kijusi hukua na umbo la kike, yaani umbo la kiume halitokei mpaka korodani zitoe amri. Jeni inayoanzisha korodani, iitwayo SRY, iko kwenye kromosomu Y, yaani uzi wa urithi walio nao wanaume, na ilitambuliwa London mwaka 1990. Korodani zikishaumbika hutoa homoni ya testosteroni, na sehemu za nje huigeuza kuwa homoni kali zaidi, ambayo ndiyo inayokirefusha kinundu kiwe uume na kuifanya ile mikunjo miwili ikutane na kushikana kuanzia nyuma kuelekea mbele, mpaka njia ya mkojo ifungike kote. Kazi hiyo hufanyika hasa kati ya wiki ya 8 na ya 14. Mstari mwembamba ambao kila mwanamume anao chini ya uume na katikati ya mfuko wa korodani ni alama ya mahali pande mbili zilipoungana. Kwa mwanao muungano huo ulianza vizuri ukasimama njiani, na govi nalo, ambalo hukamilika mwishoni, likakosa upande wa chini.

Kwa hiyo jirani amekosea. Mtoto mwenye tundu katikati ya uume na korodani mbili zinazogusika mahali pake ni mwanamume ambaye njia yake ya mkojo haikumalizika, na hana sababu ya kubadilika kesho. Naona nilikazie hili kwa wasomaji wengine, kwa sababu zipo hali ambazo swali la jirani lingekuwa la haki, na moja kati ya hizo inaua. Tundu likiwa chini na korodani moja haigusiki, mtoto anahitaji vipimo vya kromosomu, homoni na picha ya ultrasaundi. Na ikiwa korodani hazigusiki kabisa pande zote mbili, hata kama kinachoonekana ni uume, mtoto apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Inawezekana kwamba ni mtoto wa kike mwenye mji wa mimba na ovari, ambaye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zimeshindwa kutengeneza homoni zinazotakiwa na badala yake zikamwaga homoni za kiume kwa wingi akiwa tumboni. Watoto wengi wa aina hiyo hupoteza chumvi mwilini, na kati ya wiki ya pili na ya tatu baada ya kuzaliwa huanza kutapika, kukataa ziwa, kulegea na kupungua uzito. Hapo ni rahisi kudhani ni kuhara au homa ya kawaida, na mtoto akafariki kwa ugonjwa ambao dawa zake humezwa nyumbani kila siku. Katika habari yote ya maumbile haya, hiyo ndiyo dharura ninayoifahamu. Mengine yanaweza kungoja barua ya rufaa ijibiwe.

Kosa si lako. Tafiti kubwa zilizowafuatilia wanawake waliomeza vidonge vya uzazi wa mpango kabla ya kujua kuwa ni wajawazito hazikuonyesha kuwa watoto wao walipata hipospadia zaidi ya wengine. Hali hii huonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo, pale ambapo kondo la nyuma halikufanya kazi vizuri, na katika familia ambazo baba au kaka anayo. Kwa watoto wengi sababu haijulikani kabisa. Mama mkwe angefanya la maana zaidi kama angemuuliza mwanawe, yaani mumeo, na wajomba na baba zake wadogo, kama yupo aliyezaliwa hivyo. Wanaume wa pwani huchuchumaa wanapojisaidia, kwa adabu na kwa usafi, kwa hiyo mtu anaweza kuishi na tundu lililoshuka miaka yote bila hata kaka yake kujua.

Umri unaopendekezwa wa kufanya upasuaji ni kati ya miezi 6 na 18. Kabla ya hapo uume ni mdogo mno na dawa ya usingizi ina hatari zaidi. Baada ya hapo mtoto hutambua anachofanyiwa, hukumbuka, na huvuta mpira wa mkojo aliowekewa. Katika nchi zetu wengi hufikishwa wakiwa wakubwa zaidi, hata wa umri wa shule, na bado hutibiwa. Kwa tundu lililo katikati mara nyingi upasuaji mmoja hutosha: daktari huunyoosha uume, kisha huutumia ukanda wa ngozi laini ulioko kati ya tundu na kichwa kutengeneza mrija. Mbinu inayotumika sana, ya kuupasua ukanda huo katikati ili upanuke kabla ya kuuzungusha, ilichapishwa na Warren Snodgrass wa Marekani mwaka 1994. Pale ambapo uume umepinda sana au tundu liko mbali, kazi hugawanywa mara mbili, na kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili hupita miezi sita hivi.

Baada ya upasuaji mtoto hukaa na mpira mwembamba wa mkojo kwa siku 5 hadi 10, wakati mwingine zaidi. Waulizeni wauguzi namna ya kuvalisha nepi mbili: ya ndani hutobolewa, mpira ukapita hapo, na mkojo ukadondokea kwenye nepi ya nje, ili kidonda kisilowe. Sitaki mwende mkidhani kwamba kila kitu hufanikiwa mara ya kwanza. Tatizo la kawaida ni fistula, yaani kitundu kinachofunguka katika mshono na kuvujisha mkojo. Jingine ni tundu jipya kuwa jembamba. Vyote hurekebishwa, lakini daktari husubiri miezi sita au zaidi ili ngozi itulie, na familia isiyoambiwa mapema hudhani imefanyiwa kazi mbovu, ikahama hospitali, na daktari mpya akaanza upya bila kujua mwenzake alifanya nini. Hifadhini kila karatasi.

Anzeni na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, mkiwa na barua hiyo ya muuguzi na kadi ya kliniki. Kutoka hapo rufaa ya Tanga kwa kawaida huelekea hospitali ya KCMC, Moshi, ambayo ina idara ya mfumo wa mkojo inayojulikana. Wengine huenda Muhimbili, Dar es Salaam, hasa wenye ndugu wa kufikia, na hilo si jambo dogo kwa mama atakayekaa mjini wiki mbili. Suala la malipo na bima mlimalize kabla hamjasafiri. Kwa sasa mwogesheni kama mtoto mwingine yeyote. Hahitaji dawa ya kupaka, kukandwa wala kuvutwa uume unyooke. Mkojo ukitoka kwa kujikamua, ukawa uzi mwembamba au matone, au akipata homa isiyoeleweka, msingoje tarehe ya rufaa.

SWALI: Daktari, mimi ni mkunga mstaafu, naishi Muheza. Miaka mingi nyuma nilimzalisha mama mmoja mtoto ambaye mfuko wa korodani ulikuwapo na korodani zimo, lakini uume haukuwapo hata alama. Mkojo ulitoka karibu na njia ya haja kubwa. Tulimpeleka mbele na sikupata habari zake tena. Wenzangu hawaniamini. Je, hali hiyo ipo, na watoto hao hulelewaje? (Bibi Mkunga, Muheza)

JIBU: Shikamoo bibi. Ipo, na maelezo yako yanalingana nayo sawasawa. Huitwa afalia, na hutokea pale ambapo kile kinundu nilichokitaja katika jibu la kwanza hakikuumbika kabisa, ingawa korodani ziliumbika na homoni zake zilikuwapo. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya watoto wanaozaliwa milioni 10 hadi 30, na visa vilivyoandikwa katika majarida ya tiba duniani havizidi sana 100, kwa hiyo si ajabu wenzako hawajakutana nayo. Kinyume chake, mtoto kuzaliwa na uume wa pili, nako kupo: ni takriban mmoja kati ya milioni 5 au 6, na kisa cha kwanza kilichoandikwa kilitoka Bologna, Italia, mwaka 1609. Katika hali zote mbili ulilofanya ndilo sahihi, kwa sababu watoto hao mara nyingi wana kasoro nyingine zisizoonekana, za figo, uti wa mgongo au utumbo, na hizo ndizo zinazoamua kama mtoto ataishi.

Swali lako la malezi ni zito kuliko unavyolifikiria. Kwa miongo kadhaa, madaktari wa Marekani na Ulaya waliamini kwamba mtoto mchanga hana jinsia moyoni, kwamba malezi ndiyo yanayoipanda, na kwamba ni rahisi kutengeneza umbo la kike kuliko uume. Basi watoto wasio na uume walihasiwa, wakapewa majina ya kike. Aliyeipigania sana fikra hiyo ni mwanasaikolojia John Money wa Baltimore, na mfano wake mkuu alikuwa mtoto wa Winnipeg, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1965 akiwa mzima, pacha wa kiume, na uume wake ukaunguzwa na kifaa cha umeme wakati wa tohara akiwa na miezi michache. Wazazi walishauriwa wamlee kama msichana. Hakukubali, alipoambiwa ukweli akiwa na miaka 14 alirudi kuishi kama mwanamume, akajiita David Reimer, akaoa, na mwaka 2004 akajiua akiwa na miaka 38. Mwaka huo huo ulichapishwa Marekani utafiti wa watoto 16 wenye kromosomu za kiume, waliozaliwa na sehemu ya chini ya tumbo ikiwa wazi na uume haukukamilika. Kati yao 14 walikuwa wamelelewa kama wasichana, na 8 kati ya hao walikuwa wamekwisha kutamka kuwa wao ni wanaume.

Siku hizi mtoto wa aina uliyemwona huachwa na korodani zake, hulelewa kama mwanamume, njia ya mkojo hurekebishwa kwanza, na uume hutengenezwa baadaye kwa nyama ya sehemu nyingine ya mwili akishakua na kuweza kusema anachotaka. Si upasuaji mwepesi na haufanyiki kila mahali. Lakini naona heri mtoto asubiri miaka kumi na mitano kuliko kukatwa kisichorudishwa akiwa na siku kumi, na hapo jibu langu kwako na jibu langu kwa Mama Mwana ni lile lile.

SWALI: Daktari, nina miaka 26, naishi Dunda, Bagamoyo. Mimi tundu langu liko chini kidogo ya kichwa cha uume. Nilitahiriwa nikiwa mdogo na hakuna aliyesema kitu. Uume ukisimama unapinda kidogo chini, lakini hauumi. Nimechumbia na harusi iko karibu. Je, nitaweza kumpa mke wangu mtoto? Nifanyiwe upasuaji kabla ya harusi? Na je, nimwambie? (Kijana, Bagamoyo)

JIBU: Kijana wangu, mbegu hutengenezwa katika korodani, si katika tundu. Kama korodani zako zote mbili ziko mahali pake na zina ukubwa wa kawaida, na manii yanatoka, basi tundu lililo chini tu ya kichwa huyafikisha ndani ya uke kama la mwanamume mwingine yeyote, na wanaume wengi wa aina yako wana watoto bila kuwahi kujua kuwa hali yao ina jina. Shida ya uzazi huwapata zaidi wale ambao tundu lao liko chini kabisa, kwa sababu manii hudondokea nje, na wale waliokuwa pia na korodani ambazo hazikushuka. Hata hao wengine husaidiwa kwa kuwekewa manii ndani ya mji wa mimba.

Sioni haja ya upasuaji kabla ya harusi. Kupinda kidogo kusiko na maumivu na kusikozuia tendo hakuhitaji kunyooshwa. Madaktari wengi huanza kufikiria kisu pembe inapozidi nyuzi 30 hivi. Upasuaji wa njia ya mkojo kwa mtu mzima huwa na fistula na maambukizi zaidi kuliko kwa mtoto, kidonda hufunguka usingizini uume unaposimama, na wewe govi lako lilikwisha kwenda. Kama mkojo unatoka kwa nguvu na moja kwa moja, liache tundu lilipo. Ukitaka lirekebishwe kwa sababu zako mwenyewe, hilo ni haki yako, ila lifanyike bila kalenda ya harusi mgongoni, na kwa daktari wa mfumo wa mkojo anayeifanya kazi hiyo mara kwa mara. Kutoka Bagamoyo, Muhimbili ndiyo iliyo karibu.

Mwambie. Sisemi hivyo kwa sababu umeficha aibu, bali kwa sababu mke ataona, na kama mtajaliwa mtoto wa kiume uwezekano wa kuwa na hali hii ni mkubwa kidogo kuliko kwa watoto wa wengine, ingawa wengi wao huzaliwa bila tatizo. Ni vyema mama yake ajue mapema kwamba mtoto atazamwe siku anapozaliwa, na kwamba tohara ingoje. Kama unaona haya kulieleza, nendeni pamoja kliniki, muuguzi aseme.

Kitakachokutuliza kuliko maneno yangu ni kipimo cha manii, ambacho hospitali nyingi kubwa hufanya. Kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imefungwa mwilini isipoe. Matokeo yakiwa na upungufu, usiyakubali kwa mara moja. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, na homa ya wiki chache zilizopita inaweza kuzipunguza, kwa hiyo rudia kipimo baada ya miezi mitatu.